Mali bila daftari: viwanda vya Mumbai vilivyoinuka bila mashine mpya

Mwenzetu anayeishi huku ughaibuni akianza kufikiria kuwekeza nyumbani, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni mashine. Atazunguka minadani, ataulizia bei za mtumba, atalipia kontena, na siku mzigo unapotia nanga Dar es Salaam au Mombasa huona kazi kubwa imekwisha. Kinachobaki ni kumtafuta ndugu wa kuisimamia na kusubiri faida.

Tunaye rafiki hapa Uingereza, jina tunamhifadhia, aliyefanya hivyo hivyo. Alipeleka mashine ya kufyatulia matofali ya saruji, akamkabidhi mdogo wake, na kwa miezi ya mwanzo simu zilikuwa za furaha. Wateja walikuwepo, maana mji wao unajengwa kila kona. Lakini mwaka ulipozunguka maneno yakabadilika: "Kaka, kazi ipo, ila hela haionekani." Rafiki yetu akakata shauri kwamba tatizo ni mashine kuwa ndogo, akaanza kudunduliza apeleke ya pili.

Tulikuwa naye mezani siku hiyo tukamwuliza maswali matatu tu. Matofali mangapi hufyatuliwa kwa siku? Mangapi huvunjika kabla ya kuuzwa? Na sasa hivi stoo kuna mifuko mingapi ya saruji? Hakujua hata moja. Akampigia mdogo wake pale pale, naye hakujua. Si kwamba kijana alikuwa akificha kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuhesabu.

Kisa hiki ndicho kilichotufanya tuandike makala haya, kwa sababu kinafanana mno na habari ya viwanda vikubwa zaidi, katika nchi ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua kwa vitambaa vyake. Kwa miaka mingi kanga nyingi zinazovaliwa Zanzibar, Mombasa na Tanga zimechapwa India. Hatusemi kwamba viwanda tunavyovizungumzia ndivyo vinavyotoa kanga hizo, lakini kazi ni ile ile ya pamba, uzi na kitambaa.

Mwaka 2008 wachumi kutoka Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani na Benki ya Dunia, miongoni mwao Nicholas Bloom, Aprajit Mahajan, David McKenzie na John Roberts, walikwenda katika miji ya viwanda iliyo karibu na Mumbai. Walikuwa na swali ambalo wachumi walikuwa wamebishana juu yake kwa miaka mingi: je, uongozi wa kazi kiwandani una thamani yoyote inayoweza kupimwa, au ni maneno ya washauri wanaotafuta fedha? Wakapata makampuni 17 yanayofuma vitambaa vya pamba. Hivi havikuwa vibanda vya uani. Kwa wastani kila kampuni ilikuwa na wafanyakazi wapatao 270 na mauzo ya mamilioni ya dola kwa mwaka, na yote yalikuwa mali ya familia, baba akiwa juu na wanawe na ndugu zake wakishika nafasi zilizobaki.

Walichokikuta ndani kinashangaza. Uzi ulirundikwa stoo bila orodha, mwingine ukiwa chini kabisa ya rundo ambako unyevu uliuharibu, na kampuni ikiendelea kununua uzi mpya wa aina ile ile kwa kutojua kwamba inao. Spana na vipuri vilitupwa popote, hivyo mashine ikisimama fundi huanza kwa kutafuta kifaa kabla ya kutengeneza. Sakafu zilikuwa na mafuta na takataka. Matengenezo yalifanywa mashine ilipokufa, si kabla. Kubwa kuliko yote ni kasoro za kitambaa. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya kila watano kazi yake ilikuwa kukagua na kurekebisha kitambaa kilichokwisha kuharibiwa. Yaani kampuni ilikuwa ikilipa mishahara mara mbili, kwanza kwa wanaoharibu na pili kwa wanaotengeneza, na hakuna daftari lililosema kasoro hizo zinatoka kwenye mashine ipi, kwa uzi upi, au zamu ya nani.

Watafiti wakapanga jaribio kama lile la madaktari wanapopima dawa. Kwa kupiga kura, makampuni 11 yakapewa washauri wa kampuni ya kimataifa ya ushauri wa biashara kwa miezi mitano, mwezi mmoja wa kuchunguza na minne ya kukaa kiwandani kusaidia kutekeleza. Makampuni 6 yaliyobaki yalipata ule mwezi mmoja wa uchunguzi tu. Ushauri ulikuwa wa bure, ingawa katika soko ungegharimu dola 250,000 hivi kwa kila kiwanda.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, washauri hao wa bei kali walileta nini. Walitengeneza orodha ya mambo 38, na ukiyasoma utadhani ni maagizo ya mama wa nyumbani mwenye utaratibu. Kila kifaa kiwe na mahali pake, na mahali pake paandikwe. Uzi wote uhesabiwe, upangwe kwa rangi na aina, na kinachotoka kiandikwe siku hiyo hiyo. Kila kasoro ya kitambaa iandikwe aina yake na mashine iliyoitoa. Mashine ifanyiwe matengenezo kwa ratiba. Mameneja wakutane kila siku kwa muda mfupi, waangalie takwimu za jana na kukubaliana nani atafanya nini leo. Wafanyakazi wanaofanya vizuri wapewe kitu cha ziada. Hapakuwa na kompyuta ya ajabu wala mtambo mpya wa kufumia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika mwaka wa kwanza tija ya viwanda vilivyosaidiwa ilipanda kwa asilimia 17 ikilinganishwa na vile visivyosaidiwa. Kasoro za vitambaa zilipungua kwa kiasi kikubwa, uzi uliolala stoo ulipungua, na kitambaa kilichotoka kiliongezeka. Watafiti walikadiria kwamba kila kiwanda kilipata faida ya zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka kutokana na mabadiliko hayo. Katika miaka mitatu makampuni yaliyosaidiwa yalianza kufungua viwanda vingine.

Hapa ndipo tunapotaka tukae kidogo, kwa sababu kuna swali ambalo lazima liulizwe. Kama fedha nyingi hivyo zilikuwa zimelala sakafuni, kwa nini wenye viwanda hawakuziokota wenyewe? Hawa si watu wajinga. Ni wafanyabiashara waliorithi kazi kwa baba zao.

Jibu la kwanza ni kwamba hawakujua kwamba wako nyuma. Ukimwuliza mwenye kiwanda kuhusu kasoro, alisema kitambaa chake si kibaya kuliko cha jirani. Na alikuwa anasema kweli, kwa sababu jirani naye alikuwa hivyo hivyo. Mambo mengine waliyasikia lakini hawakuamini kwamba yanaleta hela. Kuandika kasoro kila siku kulionekana ni kupoteza karatasi.

Jibu la pili linatugusa sisi moja kwa moja. Mwenye kampuni hakumwamini mtu asiye wa familia kushika uamuzi wowote wa maana, kwa kuogopa kuibiwa. Meneja wa kuajiriwa aliweza kuona tatizo asiwe na ruhusa ya kununua hata kipuri kidogo bila kumsubiri mkubwa. Watafiti waligundua kwamba ukubwa wa kampuni ulikwenda sambamba na idadi ya wanaume katika familia ya mwenye mali kuliko ulivyokwenda na ubora wa uongozi wake. Mwenye wana wengi alikuwa na viwanda vingi, na aliyekuwa mahiri zaidi lakini hana ndugu wa kumkabidhi alibaki na kimoja. Wangapi kati yetu tumemkabidhi mradi binamu asiyejua kazi, tukamwacha fundi aliyeijua, kwa sababu binamu ni damu? Halafu binamu naye tukamfunga mikono, asiweze kununua beringi moja bila kupiga simu Ulaya na kusubiri tumalize zamu ya usiku.

Tunajua kuna msomaji atakayesema: hayo ni ya India, kwetu tatizo ni umeme, kodi na barabara. Hatubishi kwamba mambo hayo yanaumiza, na mwenye mashine ya kusaga anayekaa gizani siku mbili hana haja ya kuelezwa na sisi. Lakini zingatia namna jaribio lile lilivyopangwa. Makampuni yaliyosaidiwa na yale yasiyosaidiwa yalikuwa katika miji ile ile, yakitumia umeme ule ule, yakilipa kodi zile zile na kuajiri kutoka vijiji vile vile. Tofauti iliyopatikana haiwezi kusukumwa kwa serikali.

Kisha kuna kauli nyingine, mbaya zaidi, ambayo tumeisikia tangu utotoni na mara nyingine kutoka vinywani mwetu wenyewe: "Watu wetu wavivu." Atakayeamini hivyo na aje asimame nje ya ghala au kiwanda chochote cha vyakula hapa Uingereza saa kumi na mbili asubuhi zamu zinapobadilishana, aone nani wanatoka na nani wanaingia. Baadhi yetu tunaoandika kurasa hizi tumefanya kazi hizo. Kilichotushangaza siku ya kwanza hakikuwa mashine, bali ubao mweupe ukutani wenye hesabu ya jana na lengo la leo, na supavaiza aliyetukusanya dakika kumi kabla ya kuanza. Tulikuwa watu wale wale waliotoka Tandika na Likoni.

Ushahidi wa jambo hili unapatikana Marekani pia. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari mjini Fremont, California, kilichokuwa na sifa mbaya. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano hakutokea kazini siku yoyote ile, migomo ilikuwa ya kawaida, pombe iliingia ndani, na magari yalitoka na kasoro za makusudi. Mwaka 1982 kikafungwa. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota kwa jina la NUMMI, na hapa ndipo penye utamu: wengi mno wa wafanyakazi walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, pamoja na chama chao cha wafanyakazi. Mamia yao walipelekwa Japani kujifunza, wakarudi wakafanya kazi kwa vikundi vidogo. Kila mmoja alipewa haki ambayo zamani ingemfukuzisha kazi: akiona kasoro, avute kamba iliyo juu ya kichwa chake, msaada uje, na ikibidi mstari mzima wa kuunda magari usimame mpaka tatizo litatuliwe. Katika muda mfupi utoro ukaporomoka na ubora wa magari ukafikia karibu ule wa viwanda vya Toyota vya Japani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2010, na leo jengo hilo ni la Tesla.

General Motors yenyewe ilichelewa sana kulipeleka somo hilo katika viwanda vyake vingine. Mameneja walinakili kamba wakasahau kilichokuwa nyuma ya kamba. Mfanyakazi aliyeivuta aligombezwa, kwa hiyo hakuivuta tena.

Nyumbani mambo haya si mageni kama wengi wanavyodhani. Aliyelazwa au kumpeleka mgonjwa katika baadhi ya hospitali za serikali Tanzania huenda amewahi kuona ukutani maneno matano yanayoanza na herufi S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni tafsiri ya utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, ulioanza kutumika katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na kuenea hospitali nyingine. Hata waliotafsiri walihakikisha herufi ya S haipotei, na kwa hilo tunawapa heko. Mwaka 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa kushirikiana na shirika la maendeleo la Japani, JICA, ilianza kuupeleka utaratibu wa kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, katika viwanda vidogo na vya kati.

Kabla ya hapo, mwaka 2010, washonaji wa nguo wa Dar es Salaam walikuwa wamefanyiwa jaribio linalofanana na lile la Mumbai. Wengine walifundishwa darasani, wengine walitembelewa kwenye karakana zao, wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata kitu. Mtanzania Edwin Mhede alikuwa mmoja wa watafiti, pamoja na Wajapani Yuki Higuchi na Tetsushi Sonobe. Jambo lililojitokeza ni la kutia moyo na la kutahadharisha kwa pamoja: faida haikuonekana haraka. Ilichukua muda wa miaka, na walionufaika ni wale waliopata darasa pamoja na mtu wa kuwatembelea kazini. Semina ya siku tatu hotelini, yenye posho na chakula cha mchana, hatutarajii iwe na nguvu hiyo.

Tumrudie rafiki yetu wa matofali. Tulichukua karatasi tukafanya hesabu ya kukisia. Tuseme matofali 1,000 hufyatuliwa kwa siku, na 60 huvunjika kwa sababu mchanganyiko ni mbaya, au yamebebwa kabla hayajakomaa, au hayakumwagiliwa maji. Tuseme tofali moja linauzwa shilingi 1,500. Hiyo ni shilingi 90,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,340,000 kwa mwezi. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine ya pili ingekuwa inavunja mengine 60.

Aliponunua tiketi na kwenda nyumbani hakubeba mashine. Alinunua madaftari matatu ya jalada gumu pale pale dukani mtaani kwao. La kwanza ni la stoo: mifuko iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki, na aliyetoa anaweka sahihi. La pili ni la uzalishaji: yaliyofyatuliwa, yaliyovunjika, na sababu. Hii safu ya sababu ndiyo iliyozua ubishi mkubwa, kwa kuwa vijana waliona ni mtego wa kukatwa mishahara. Ikabidi aahidi mbele ya wote kwamba hakuna atakayekatwa kwa kuandika ukweli, na kwamba matofali yaliyovunjika yakipungua sehemu ya nafuu hiyo itagawanywa kwao. La tatu ni la mashine: siku ya kutia grisi, siku ya kubadilisha mkanda, saa iliyosimama na kwa nini.

Na akampa mdogo wake kiwango cha fedha anachoweza kutumia kwa vipuri bila kuuliza. Alituambia hilo lilikuwa gumu kuliko yote.

Wiki chache baadaye daftari la pili lilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Siku mbaya zaidi zilikuwa Jumatatu. Walipochunguza wakagundua kwamba matofali ya Jumamosi yalikuwa hayamwagiliwi maji Jumapili, kwa sababu hakuna mtu aliyepangiwa, yakakauka vibaya na kupasuka yalipopakiwa Jumatatu. Dawa yake ilikuwa kijana mmoja, mpira wa maji na saa mbili za Jumapili zilizolipwa.

Tusidanganyane, madaftari huchosha. Wale watafiti wa India walirudi kwenye viwanda vile miaka kama tisa baadaye, mwaka 2017, wakakuta karibu nusu ya yale mambo yaliyoanzishwa yameachwa. Mara nyingi ilikuwa meneja aliyeyajua ameondoka, au wakubwa wamepata shughuli nyingine wakaacha kuuliza. Hata hivyo viwanda vilivyosaidiwa vilikuwa bado mbele ya vile vingine, na baadhi ya mambo yalikuwa yamehamia katika viwanda vingine vya kampuni zile zile.

Rafiki yetu analijua hilo, maana tulimsomea. Kila jioni, saa za nyumbani, mdogo wake anapiga picha kurasa tatu za siku hiyo na kumtumia kwa simu. Juzi picha ya daftari la stoo haikuja. Alikuwa kwenye basi akielekea kwenye zamu ya usiku, akapiga simu kuuliza. Mdogo wake akamjibu kwamba kalamu imeisha wino, na kwamba fedha ya kununua nyingine anayo, haina haja ya kumwomba mtu.